Sehemu ya Kumi na Saba

Kwaru, kwaru, kwaru. Brashi ilikuwa ikisugua kiatu gizani, upande wa pili wa pazia. Umeme ulikatika tangu jana yake jioni, na alfajiri ilikuwa bado inasitasita nje ya dirisha, lakini Bibi hakuhitaji taa ili kupiga kiwi viatu vya mjukuu wake. Mwenyewe alisema macho yake yamechakaa kiasi kwamba mwanga na giza sasa ni ndugu wa tumbo moja.

Karani alilala chali akiisikiliza ile brashi. Ubavuni mwake alilala binti yake wa miaka saba, mguu mmoja juu ya tumbo la mama. Mtaa mzima ulimwita mtoto yule Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiopoa, na saa hizi za usingizi ndizo pekee alizompa mama yake bila swali.

"Umeamka?" Bibi aliuliza.

"Sikulala, mama."

"Bado ile sifuri?"

"Bado ile sifuri."

Brashi ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

Sifuri yenyewe aliiandika Karani kwa mkono wake, wiki mbili zilizopita, katika ofisi ya barabara alikoajiriwa kuingiza takwimu. Alipewa daftari la ajali la kituo cha polisi, la miaka mitatu, akaambiwa ahamishe idadi ya ajali za kila kipande cha barabara kuu. Vipande vilikuwa arobaini na kimoja. Alipofika sehemu ya kumi na saba akakuta pengo, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Sheria ya ofisi ilikuwa fupi: pengo ni sifuri. Akaandika sifuri, sifuri, sifuri, akaenda sehemu ya kumi na nane, na jioni akarudi nyumbani salama salimini kama mtu asiyefanya kosa.

Usiku wa tatu ndipo akili ilipomfikia. Sehemu ya kumi na saba ndiyo inayopita mbele ya shule ya Chiriku. Na mbele ya shule ya Chiriku ndipo alipogongwa Fundi.

Fundi alikuwa mwanamke wa cherehani mwenye kibanda mkabala na lango la shule. Kwa miaka kumi na mmoja, kila asubuhi watoto wanapoingia na kila saa tisa wanapotoka, aliacha mshono njiani, akasimama katikati ya lami na futi yake ya kitambaa shingoni, mkono juu, akavusha watoto wa watu. Hakuna aliyemtuma. Madereva walimpigia honi, naye aliwajibu maneno ambayo watoto waliyabeba mpaka nyumbani. Miezi minne iliyopita lori lilimkuta palepale. Watoto aliokuwa nao alikuwa ameshawasukuma ng'ambo. Chiriku alikuwa mmoja wao. Fundi alikaa hospitali siku tisa, wakamzika siku ya kumi, na Karani alikuwepo makaburini, alirusha udongo, akalia mpaka akashikwa kwikwi. Kisha akaenda ofisini akamwandika sifuri.

Tangu hapo kila mzazi alivusha wake. Bibi ndiye aliyempeleka Chiriku na kumrudisha. Wakifika kwenye lami waligawana kazi: Chiriku alikuwa macho, Bibi alikuwa mkono.

"Leo uende kwa yule sajenti mwenye daftari la ajali," Bibi alisema gizani. "Umuulize ana kwa ana. Ukikaa na jambo tumboni litakuzalia. Na Ijumaa usisahau, nina kliniki ya macho. Mtoto utamchukua wewe."

"Sijasahau, mama."

*

Ofisi ya barabara ilikuwa vyumba vitatu juu ya ghala la saruji, na vumbi la saruji lilipanda ngazi kila siku pamoja na wafanyakazi. Mwaka uliopita walikuwa wameletewa programu kutoka nchi ya mbali, na fedha pamoja nayo. Jina lake lilikuwa refu, halishikiki ulimini. Mchoraji ramani, kijana mrefu mwembamba waliyemwita Rula, ndiye aliyeibatiza Ramli. "Inatabiri nani atakufa," alisema, "ila haitaki kujua alikuwa anakwenda wapi."

Huko ilikotoka, Ramli ilikuwa na heshima zake. Wataalamu wa huko walikaa na barabara zao miaka ishirini. Walihesabu magari, wakapima upana wa lami, ukali wa kona, mwinuko wa vilima, wakalinganisha yote hayo na ajali zao mpaka wakapata kanuni: nipe barabara, nikupe idadi ya ajali zake kwa mwaka. Ili itumike nchi nyingine ilihitaji kitu kimoja tu, kizidisho. Unachukua ajali zenu halisi, unazigawanya kwa zile ilizotabiri Ramli, na jibu lake unazidisha kila kipande cha barabara. Basi, nguo imekatwa kwa kipimo chako.

Fedha zilitosha vipande vinane. Vipande vinane vitapata matuta, vivuko, taa na njia ya miguu, na ni vile vinane tu ambavyo Ramli itaviweka juu. Ndivyo masharti yalivyosema. Orodha ilipaswa kusainiwa Ijumaa, la sivyo fedha zirudi zilikotoka.

Kizidisho chao kilikuwa kimeshapatikana: sifuri nukta sita tatu. Maana yake barabara yao ilikuwa na ajali chache kuliko barabara ya aina hiyohiyo kule Ramli ilikozaliwa. Mhandisi, mkuu wa ofisi, mtu mzima mpole aliyevaa kalamu mbili mfukoni, alifurahi akawanunulia wote soda.

"Tumewapita!" alisema.

"Basi tuwauzie madereva wetu," Rula akajibu, na wote wakacheka, Karani pia.

Sasa hakucheka tena. Sehemu ya kumi na saba ilikuwa ya thelathini na tatu katika orodha.

*

Kituo cha polisi kilikuwa na benchi moja refu mapokezini, na chini ya benchi maboksi. Sajenti wa usalama barabarani alikuwa nyuma ya kaunta akipuliza vumbi kwenye mhuri.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama wa tarakimu. Umekuja kuongezewa sifuri?"

"Nimekuja kumtafuta mtu. Fundi wa cherehani, yule wa shuleni. Hayumo kwenye daftari lako."

Utani ukamtoka Sajenti usoni. Aliweka mhuri chini.

"Nilimwandika mimi mwenyewe," alisema. "Nilipima hata alama za matairi. Hatua thelathini na moja."

"Mbona hayumo?"

Sajenti alivuta fomu tupu akaigeuza kumwelekea. Fomu zilikuja na mradi, safi, zimenyooka. Juu palikuwa na nafasi ya gari la kwanza. Chini yake paliandikwa *Limegonga:* na visanduku vya kuweka alama. Gari lingine. Mti. Nguzo. Ukingo wa daraja. Mnyama.

"Nionyeshe mahali pa mtu," Sajenti alisema.

Karani alisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu.

"Ng'ombe ana kisanduku chake," Sajenti akasema. "Fundi hana. Kwao huko watu wana fomu yao peke yao, ya kijani. Tuliambiwa inakuja. Fomu isiyo na alama haiingii daftarini, mchapaji anairudisha. Mwaka wa tatu huu tunasubiri ya kijani. Nikasema angalau tusiwatupe."

Alitoka nyuma ya kaunta, akawaomba radhi mama wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi, akavuta boksi la sabuni lililokuwa nyuma ya visigino vyao. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni.

"Asiyekuwapo na lake halipo," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Nayo kazi yangu ni kuandika. Kama wangeniambia niwaandike ukutani ningewaandika ukutani."

Fomu hazikuruhusiwa kutoka kituoni. Kwa hiyo Karani alikaa kwenye benchi lile, Jumanne mchana na Jumatano kutwa, na kalamu na daftari la masomo ya jioni, lile alilojifunzia takwimu miaka miwili huku Chiriku akilala mgongoni mwake darasani. Alisoma fomu moja moja. Mwandiko wa Sajenti ulikuwa wa duara, wa mtu aliyependa shule. *Mwanamume, kama miaka arobaini, alikuwa amebeba mlango. Mama na mtoto, wameshikana mikono. Kijana, simu imepona. Mtoto wa kike, sare ya shule, jina halijajulikana.* Chini yake, kwa wino mwingine, siku ileile: *Jina limejulikana.*

Kuna mahali alisimama akaenda uani, akanawa uso kwenye bomba, akarudi.

Fomu mia moja thelathini na saba. Sehemu ya kumi na saba peke yake, kumi na tisa. Ya mwisho ilikuwa ya Fundi.

*

Alhamisi asubuhi aliweka hesabu mezani kwa Mhandisi, akasimama na mikono nyuma kama mwanafunzi. Mhandisi alisoma. Akatoa miwani, akaifuta kwa tai, akasoma tena.

"Hawa wote walikuwa chini ya benchi?"

"Ndiyo, Mhandisi."

"Na mimi nimenunua soda."

Aliiweka karatasi kando ya kioo cha kompyuta.

"Ajali themanini na nane tulizokuwa nazo, ongeza mia moja thelathini na saba," Mhandisi alisema, akivuta kibodi. "Mia mbili ishirini na tano. Ramli ilitabiri mia moja arobaini." Vidole vyake vilikwenda haraka. "Moja nukta sita moja. Mama Chiriku, umekigeuza kizidisho juu chini. Masharti yanaruhusu, ni ajali halisi, zina mhuri wa polisi. Naziingiza."

Karani alijiwa na picha ya tuta, tuta la kawaida la lami lenye mistari myeupe, na Chiriku akilikanyaga. Mtu hafurahii tuta maishani mwake, lakini yeye siku ile alilipenda tuta kama mtu apendavyo mtoto ambaye hajazaliwa.

Mhandisi akabonyeza. Orodha ikashuka kwenye kioo. Tarakimu zote zilikuwa zimepanda. Sehemu ya nne, yenye kona kali za mlimani, ilikuwa ya kwanza. Sehemu ya kumi na saba ilikuwa ya thelathini na tatu.

"Imekwama," Karani alisema.

"Rudia, bosi," alisema Rula, ambaye alikuwa ameshasogea nyuma yao.

Mhandisi akarudia. Ya thelathini na tatu.

Hapo ndipo Karani alipoelewa, na aliona aibu kwamba hakuelewa tangu kwenye benchi. Kizidisho kinazidisha wote. Ukiwavisha watu wote arobaini na mmoja viatu virefu, mfupi wao anabaki kuwa mfupi. Alileta watu wa fomu mia moja thelathini na saba, na Ramli iliwapokea wote, ikawagawa barabara nzima kufuata kona na vilima, kwa sababu haikuwa na mahali pengine pa kuwaweka. Wale kumi na tisa wa shuleni sasa walikuwa wametawanywa mlimani, ambako hapiti hata mchunga mbuzi. Sehemu ya kumi na saba ilikuwa imenyooka, tambarare, pana, ina mwonekano mzuri. Ramli iliipenda. Iliitabiria ajali sifuri nukta nane kwa mwaka.

"Mwaka jana peke yake ni saba," alisema. "Nimewahesabu."

"Najua, mama. Nimeona."

"Basi tuiandike saba."

"Mahali pa kuiandikia hapapo." Mhandisi alisema kwa sauti ndogo, kama anayemwambia mtu habari za hospitali. "Kesho mtaalamu wao atakuwa kwenye simu ya video. Nitakupa nafasi umwambie mwenyewe. Saa saba."

Jioni ile Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akipapasa mchele kwenye ungo, vidole vikitafuta mawe ambayo macho hayakuyaona.

"Nguo ya kuazima," alisema hatimaye, "haisitiri matako. Hilo hata mimi nisiyekwenda shule ya jioni nalijua."

"Bibi amesema matako!" Chiriku alipiga kelele kutoka kitandani.

"Nimesema, na wewe unayo, yalaze."

Karani alicheka.

*

Ijumaa alifika mapema kuliko wote isipokuwa Rula. Kompyuta yenye Ramli ilikuwa imewashwa. Rula alikuwa amekaa juu ya meza, miguu ikining'inia.

"Kona tatu," alisema bila salamu.

"Nini?"

"Sehemu ya kumi na saba. Iwekee kona tatu kali na kilima. Ramli inapenda kona kama mlevi anavyopenda ukuta. Nani atakwenda kupima? Hawa wako mbali, na Mhandisi anasaini tu."

"Ni uongo, Rula."

"Na ile sifuri yako ilikuwa nini?"

Akateremka mezani, akatoka kwenda kutafuta chai, akafunga mlango polepole kwa makusudi.

Karani alikaa. Aliangalia mlango, akaangalia kioo. Katika maisha yake alikuwa hajawahi kuiba hata chaki. Akaandika kona tatu. Akaandika mwinuko. Akabonyeza, na sehemu ya kumi na saba ikapanda orodha kama mtoto anayepanda ngazi, thelathini na tatu, ishirini, kumi na moja, ikakaa ya tano.

Ya nane ya zamani ikaanguka kuwa ya tisa. Ilikuwa sehemu ya ishirini na sita, kwenye daraja jembamba. Hakuitazama.

Saa saba simu ya video haikukamatika. Mtandao ulikuja ukaenda, ukaja ukaenda. Saa saba na nusu. Saa nane. Karani alihesabu moyoni: watoto wanatoka shule saa tisa, akitoka ofisini saa nane na nusu kwa pikipiki atafika. Saa nane na robo uso wa mtaalamu ukatokea kwenye kioo, mtu wa makamo mwenye macho ya uchovu, nyuma yake rafu ya vitabu. Alizungumza polepole, na Mhandisi alitafsiri.

Karani alisimama akaeleza yote: fomu, kisanduku cha ng'ombe, boksi la sabuni, wale kumi na tisa. Hakusoma kwenye karatasi. Alipofika kwa Fundi, Rula aliangalia sakafu. Mhandisi alitafsiri bila kupunguza, na mahali pamoja ilibidi akohoe ndipo aendelee.

Mtaalamu alivuta kitabu kutoka kwenye rafu ya nyuma yake, akakifungua kurasa za mwanzoni.

"Anasema pole," Mhandisi alisema. "Anasema kwao kwenye barabara ya namna hii hakuna mtu anayetembea kwa miguu. Hawakuwahesabu kwa sababu hawakuwapo. Anasema imeandikwa hata kwenye kitabu chake, ukurasa wa mwanzoni: isitumike penye watembea kwa miguu wengi. Ameiandika yeye mwenyewe."

"Sasa mbona inatumika?"

Swali lilivuka bahari likarudi.

"Anasema yeye alitengeneza kanuni tu. Masharti ya fedha yaliandikwa na watu wengine. Anasema ipo njia ya kuingiza historia ya kipande kimoja kimoja, lakini inataka fomu za kijani, zenye vipimo na saa na hali ya mwanga. Fomu za Sajenti zinasema tu karibu na shule. Anasema mzunguko ujao, zikishakusanywa..."

"Mzunguko ujao lini?"

Mhandisi hakuhitaji kumuuliza mtaalamu. "Miaka mitano."

Chiriku atakuwa na miaka kumi na miwili, Karani aliwaza, akivuka mara mbili kwa siku. Kichwa chake kilifanya hesabu chenyewe, kama mbwa aliyefundishwa, na hakikuwa na huruma.

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini na tano. Aligeuka ili aage, lakini Mhandisi alikuwa ameshafungua orodha ya mwisho mbele ya wote, kalamu mkononi. Akaanza kusoma kwa sauti. Ya kwanza, sehemu ya nne. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akanyamaza.

Mhandisi alikuwa ameijenga barabara ile akiwa kijana mwenye koleo, kabla hajawa na kalamu hata moja. Aliijua kama anavyoijua nyumba yake gizani.

"Ya kumi na saba haina kona," alisema kwa lugha yao, ili mtaalamu asielewe. "Imenyooka kama uzi. Niliuvuta uzi huo mimi mwenyewe."

Rula alifungua mdomo, na Karani akawahi.

"Ni mimi, Mhandisi."

"Najua ni wewe."

"Iache. Tafadhali. Wewe ni mzazi."

"Wakaguzi wanakuja na picha za kutoka juu, mama. Wakikuta kona moja ya uongo, fedha zote zinarudi. Vyote vinane vinakosa. Na yule uliyemtoa kwenye daraja ili wako aingie, naye ni mtoto wa mtu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Usinifanye niseme zaidi ya hapo."

Alifuta mwinuko, akafuta kona ya kwanza. Alifuta ya pili. Kwenye ya tatu kidole kilisimama juu ya kibodi kidogo, kikashuka. Sehemu ya kumi na saba ikarudi chini, mpaka haikuonekana tena kwenye kioo. Mtaalamu aliuliza kitu, Mhandisi akamjibu kwa tabasamu la mdomo tu, akasaini. Kule mbali mtaalamu naye akasaini. Kizidisho, moja nukta sita moja, kilisifiwa kwa usahihi wake.

Karani alitazama saa ya ukutani. Tisa na dakika kumi na nane.

*

Alimpigia jirani akiwa kwenye ngazi, amchukulie mtoto. Simu iliita mpaka ikachoka. Alipiga tena. Alimpigia Bibi, ingawa alijua kliniki wanazima simu. Pikipiki aliyoipata ilikuwa na mzee anayeendesha kwa adabu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Karani alimwambia dereva aongeze mwendo.

Uwanja wa shule ulikuwa mtupu. Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Kibanda cha Fundi kilikuwa kimefungwa pia, na juu ya mlango wake mtu alikuwa ameshabandika tangazo la kupangisha. Karani alishuka, akasimama pembeni ya lami, akafanya kitu ambacho hata yeye hakukipa jina: aliitazama barabara, si kushoto wala kulia, bali chini, lami yenyewe, kutoka huku mpaka kule, akitafuta kitu kidogo. Begi. Utepe. Doa.

Hapakuwa na kitu. Lakini kulikuwa na magari, elfu tisa na mia nne kwa siku, idadi hiyo aliiingiza yeye mwenyewe. Alingoja apate nafasi ya kuvuka. Lori, basi dogo, lori. Nafasi ilipopatikana miguu ilikataa. Nyingine ikaja, ikapita. Mtu mzima, mwenye cheti cha takwimu, alisimama pale kama amepandwa. Hatimaye alikimbia huku amefumba jicho moja, na honi ikampitia mgongoni kama shoka.

Alikatiza uchochoroni, akapita nyumba ya jirani, mlango una kufuli. Alikuwa haombi tena tuta wala taa. Alikuwa anaomba kwa maneno mafupi yasiyo na mpangilio, kama mtu anayebeba maji kwa viganja.

Mlangoni kwao, juu ya kizingiti, Chiriku alikuwa amekaa na begi magotini, soksi moja imeshuka. Alipomwona mama yake hakukimbia kumlaki kama kawaida yake. Alisimama kwanza, akavuta soksi ikafika juu, akajinyoosha kama anayekwenda kupokea zawadi mbele ya shule nzima.

Karani alipiga magoti kwenye vumbi, akamshika mabega, akamshika mikono, akamshika kichwa, akahesabu vidole. Nyuma yao, ng'ambo ya nyumba, barabara iliendelea kunguruma.

"Mama," Chiriku alisema, "leo nimevuka barabara peke yangu."